Pikapu Iliyoishiwa Nguvu Mlimani: Hitilafu Mbili na Tiba Moja Mbaya

Pikapu ilifika gereji ikijiendesha yenyewe, na hilo karibu linipoteze njia. Ukiona injini inaingia getini ikiwa ya moto, inanguruma kwa utulivu, haitetemeki, haina moshi wa kutisha, ni vigumu kuamini kwamba jana yake imezimika mara tatu kwenye mlima mmoja. Mwenyewe alikuja na hukumu mkononi: "Fundi, pampu imekufa. Wewe nitolee tu, naipeleka ikafunguliwe."

Gari lina umri wa zaidi ya miaka 30 na limepitia wamiliki ambao hakuna anayejua idadi yao. Ni dizeli ya silinda nne, lita 2.8, haina tabo (turbo), haina kompyuta. Pampu ya nozeli, yaani inayosukuma dizeli kwa shinikizo hadi kwenye silinda, ni ile ya kuzunguka, ambayo pistoni yake moja hugawa mafuta kwa silinda zote nne. Kuna jambo moja la pampu hizi ambalo bila kulishika kisa hiki hakieleweki. Gari la aina hii halina pampu ya umeme ya kuisukumia dizeli kutoka kwenye tenki. Ndani ya pampu yenyewe kuna kipampu kidogo cha mapanga ambacho huvuta dizeli kupitia bomba la chuma linalopita chini ya karibu gari zima, kisha kupitia filta. Yaani kuanzia tenki mpaka mlangoni mwa pampu, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Bomba la kusukuma likitoboka utaona matone chini ya gari. Bomba la kuvuta likitoboka huoni tone hata moja, kwa sababu dizeli haitoki. Ni hewa inayoingia.

Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza, asubuhi haiwaki mpaka upige stata kwa awamu, kwa jumla sekunde 30 au 40, na ikishawaka inakohoa moshi mweupe kwa muda kabla ya kutulia. La pili, ikipandisha na mzigo nguvu inaisha taratibu, kama kuna mtu anafunga koki. Ukizidi kukanyaga, inazimika. Ukiegesha pembeni dakika kumi, inawaka na kupanda kana kwamba haikuwa yenyewe.

Kabla yangu mafundi wengine walikuwa wameigusa. Nozeli zilibadilishwa, filta ya dizeli ikawekwa mpya, na bomba la mafuta likapulizwa kwa kompresa kuelekea tenki. Baada ya kupulizwa, alisema, ilikwenda vizuri siku mbili. Nikamuuliza swali ambalo huwa nauliza kila mtu: kati ya haya mawili, lipi lilianza? Hakuwa amewahi kulifikiria. Baada ya kuhesabu hesabu akasema la mlima ndilo la zamani, la miezi kadhaa. La asubuhi lilikuja baadaye, "kama baada ya ile filta." Nikaandika kwenye karatasi yangu ya kazi, kisha, nikiri tu, nikaisahau karatasi ile kwa siku tatu nzima.

Nilianza na mambo ambayo yakiwa mabovu hakuna haja ya kuendelea. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini hizi huibana hewa kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1. Kama haibani, hata pampu mpya itakuwa mapambo. Nikafungua plagi za hita, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, nikapima kompresheni kwenye matundu yake: 27, 26, 27 na 25, kwa bar, kipimo cha shinikizo. Injini ya aina hii ikiwa mpya hutoa takriban 30, na ikishuka hadi karibu 20 ndipo unaanza kuzungumzia ringi na valvu. Kwa umri wake huyu mzee alikuwa na mapafu mazuri. Betri ilikuwa na volti 12.6 ikiwa imetulia na 10.4 stata ikizunguka. Solenoidi ya kuzimia injini, vali ya umeme inayokata mafuta, ilifikiwa na umeme na ikagonga ilivyopaswa. Filta ya hewa ilikuwa na vumbi la kawaida.

Plagi za hita ndizo zilizonitega. Tatu zilipimika chini ya omu moja, yaani nzima, ya nne ilikuwa imekatika kabisa. Ungekuwa na haraka, ungesema jibu limepatikana: asubuhi, baridi, moshi mweupe, plagi mbovu. Lakini silinda moja ikikosa hita, tatu zilizobaki zinawaka. Injini itatetemeka, itatoa moshi mweupe kwa dakika moja au mbili, ila itawaka. Hii haikuwa ikiwaka vibaya. Ilikuwa haiwaki kabisa, kisha inawaka yote kwa mpigo mmoja.

Nikaamua kulala na gari na kulishuhudia asubuhi. Kijana wa gereji akakaa kwenye usukani, mimi nikasimama nyuma kwenye bomba la moshi. Hiki ni kipimo kisichohitaji chombo chochote, na bado sielewi kwa nini watu wanakiruka. Stata ikizunguka dizeli ya baridi na moshi mweupe ukatoka, maana yake mafuta yanafika ila joto halitoshi. Stata ikizunguka na bomba likabaki kavu, hakuna hata mvuke, mafuta hayafiki. Kwa sekunde 30 bomba lilikuwa kavu kama halijawahi kutumika. Halafu moshi mweupe ukafumka, injini ikashika.

Kwa hiyo usiku mafuta yalikuwa yanarudi tenkini, kwa sababu tenki liko chini kuliko pampu, na hayarudi hivihivi. Ni lazima hewa ipate mlango wa kuingilia ichukue nafasi yake. Mlango huo ungeweza kuwa popote kati ya tenki na pampu. Nikakata vipande viwili vya mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kimoja nikakifunga kabla ya filta, kingine kati ya filta na pampu.

Kesho yake asubuhi vyote viwili vilikuwa vitupu, na hapo sikujifunza kitu. Mafuta yakirudi yanarudi yote. Somo lilikuja injini ilipokaa dakika tano ikinguruma. Mpira wa kwanza ulijaa dizeli safi, bila kiputo. Wa pili uliendelea kupitisha viputo vidogo vidogo, kama soda iliyotoka kufunguliwa. Hewa ilikuwa haingii tenkini wala kwenye bomba refu la chini ya gari. Ilikuwa inaingia kwenye filta yenyewe.

Sehemu inayovuta hewa, ukiisukumia mafuta kwa shinikizo itayatoa nje. Nilizima injini, nikafuta kichwa na kitako cha filta mpaka vikawa vikavu, nikapiga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu kidoleni. Baada ya dakika moja unyevu ukatokea chini kabisa, kuzunguka sensa ya maji, ile inayoonya maji yakijaa kwenye filta. Sensa hii haiji na filta mpya. Unaing'oa kwenye ya zamani na kuihamishia. Aliyebadilisha filta alihamisha sensa pamoja na oringi yake ya zamani, mpira wa duara wa kuzibia, uliokuwa umekauka, umekuwa bapa, na una mkato upande mmoja. Nikaweka oringi mpya, nikaipaka dizeli, nikaikaza kwa mkono. Viputo vikaisha. Asubuhi iliyofuata injini iliwaka kwa sekunde mbili, ikiwa na plagi tatu tu za hita.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia mwenyewe aje achukue gari lake, na kama si yeye kusisitiza tupande kwanza mlima na mzigo, lingetoka getini siku ile na kurudi kesho yake likivutwa. Tulipakia nusu tani ya mchanga. Dakika ya nane ya kupanda, gia ya tatu, nguvu ikaanza kuisha. Mpira wa plastiki haukuwa na kiputo hata kimoja. Mzee mwenye gari akanitazama bila kusema kitu, na nilijua anafikiria nini: pampu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi. La mlima lilikuwa la miezi, la asubuhi lilikuja na filta. Haikuwa hitilafu moja yenye sura mbili. Filta ilibadilishwa ili kutibu ugonjwa wa kwanza, haikuutibu, na ikaleta wa pili.

Safari hii sikubahatisha. Nilifunga geji ya mvuto kati ya filta na pampu, nikaipitisha mpaka kwenye kioo cha mbele ili niisome nikiwa ndani. Kwenye tambarare sindano ilikaa karibu na 0.1 bar, hali ya kawaida kabisa kwa bomba la urefu ule. Mlimani ikaanza kupanda polepole: 0.2, ikakaa, 0.3, ikapita 0.4, na hapo injini ikaanza kufa. Pampu ilikuwa inavuta, tena kwa nguvu zake zote, ila kitu fulani nyuma yake kilikuwa kinakataa kutoa. Pampu iliyochoka haiwezi kupeleka sindano mpaka pale. Kwangu kipimo hicho kiliifutia pampu mashtaka, lakini namba kwenye geji hazimwondolei mtu wasiwasi wa miezi, hivyo nikaendelea.

Nikahamisha geji kabla ya filta: namba zilezile. Filta haina kosa. Nikafungua kifuniko cha tenki na kupanda hivyohivyo, kwa sababu tundu la hewa la kifuniko likiziba tenki hujinyonga lenyewe: namba zilezile. Zikabaki bomba na tenki.

Kipimo cha mwisho ni cha dumu. Tulilifunga dumu la dizeli la lita kumi kwa mikanda ndani ya boneti, upande usio na manifoldi ya moshi, tukachomoa bomba la tenki na kuingiza mpira mfupi kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi filta. Mpira wa marejesho nao nikauelekeza kwenye dumu. Hili watu husahau; pampu hizi hurudisha mafuta mengi kuliko zinavyochoma, na marejesho yakiendelea kwenda tenkini dumu litaisha katikati ya mlima na utadhani umegundua hitilafu mpya. Kizimamoto kilikuwa miguuni mwangu. Nikampa mzee usukani. Pikapu ilipanda mlima mzima gia ya tatu, haikulegea hata sekunde moja.

Ila kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na moshi mweusi kama wa kuchoma tairi. Huo sikuutarajia, na niliuweka kando.

Turudi tenkini. Mzee alipendekeza tupulize tena bomba kwa kompresa, kwa kuwa mara ile lilisaidia. Ni kweli lilisaidia siku mbili, na siku mbili hizo zilikuwa ushahidi wa pili ambao hakuna aliyeusoma. Kutu au tope lililokwama ndani ya bomba likipulizwa ama linatoka au linabaki. Kinachoondoka halafu kinarudi baada ya siku mbili ni kitu kinachoelea. Hata kule kupona kwa dakika kumi pembeni ya barabara kulisema hivyohivyo: mvuto ukikoma, kinachoziba kinajiachia na kuondoka.

Kushusha tenki kulikula nusu siku, na karibu muda wote ulikwenda kwenye boliti mbili za mikanda yake zilizoshikwa na kutu. Tulimwaga dizeli iliyokuwamo, tukatoa bomba la kunyonya pamoja na chujio lake la wavu. Chujio lilikuwa na utelezi mweusi, ule unaoota pale maji na dizeli vinapokutana, pamoja na chembe za kutu. Lilikuwa chafu, lakini nusu ya wavu bado ilikuwa wazi, na nusu ile ingetosha. Kilichobaki tenkini kilitoka tulipoligeuza: kipande cha nailoni nyembamba, ukubwa wa kiganja, kile ambacho mtu hukiweka chini ya kifuniko cha dumu ili lisivuje. Siku moja kiliingia pamoja na mafuta.

Ukiweka nailoni ile karibu na chujio kila kitu kinaeleweka. Kwenye tambarare mkondo wa mafuta ni mdogo, nailoni inaelea huku na huko. Mlimani unakanyaga, mkondo unaongezeka, nailoni inavutwa na kujibandika juu ya sehemu ya wavu iliyobaki wazi. Mvuto unapanda, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyojibandika zaidi. Injini inazimika, mvuto unaisha, nailoni inaanguka, unawasha, unaondoka. Ile oringi iliyochoka nayo ilikuwa inateseka kwa sababu hiyohiyo. Kwenye mfumo unaovuta 0.1 bar huenda ingehimili kwa muda mrefu. Ikivutwa kwa 0.4 kila siku, ikaachia.

Tenki lilioshwa mara tatu, likakaushwa kwa hewa, likakaguliwa kwa tochi ya betri. Chujio likawekwa jipya. Najua mafundi wanaokata wavu huo na kuutupa wakisema unasumbua na filta ipo mbele. Filta ipo, lakini nailoni kama ile ingesafiri mpaka kwenye kona ya kwanza ya bomba la chuma, na kuitoa hapo ni kazi ya kulia machozi.

Sasa ule moshi mweusi. Mafuta yakiwa mengi kuliko hewa inavyoweza kuyachoma, dizeli hutoa masizi. Swali ni nani aliongeza mafuta. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta, imefungwa kwa nati, na kwa kawaida huwa na muhuri wa madini ya risasi. Muhuri haukuwapo. Nati ilikuwa na alama mbichi za spana, na mstari wa uchafu wa zamani kwenye nyuzi ulionyesha skrubu imeingizwa karibu nusu mzunguko. Mwenyewe hakujua. Mtu fulani, alipoona gari halina nguvu, aliliongezea mafuta. Kwa kuwa tatizo lilikuwa ni mafuta kutofika, moshi haukuonekana mlimani, akaona hajaharibu kitu. Siku dizeli ilipofika kwa kiwango chake, deni likajitokeza.

Hili silichukulii kijuujuu. Wengi waliozoea injini za petroli wanajua kwamba mchanganyiko wenye mafuta machache ndio unaochemsha injini, na wanadhani dizeli ni hivyohivyo. Kwa dizeli ni kinyume: mafuta yakizidi ndipo joto la moshi linapanda, na vichwa vya injini kongwe za aina hii hupasuka kati ya valvu kwa joto hilo. Kama tungemkabidhi mzee gari lake siku ya dumu, akiwa amefurahi na ana mzigo, sijui kichwa kingedumu kiasi gani.

Mahali pake pa haki pa kurekebisha skrubu hiyo ni kwenye mashine ya kupimia pampu. Hatukuwa nayo karibu, na pampu haikuwa na kosa la kuifanya ishushwe. Nikaitoa nje kwa hatua za moja ya nane ya mzunguko, kila hatua tukipanda mlima uleule na mzigo uleule. Hatua ya tatu moshi ulipungua hadi ukungu wa kijivu. Ya nne ukabaki kivuli chepesi pale tu mguu ulipogusa chini, na nguvu haikushuka kwa kiasi ambacho dereva angehisi. Nikakaza nati hapo na kuipaka rangi, ili anayefuata akiigusa ijulikane.

Plagi ya hita iliyokatika nikaibadilisha peke yake. Kwa kawaida hubadilishwa zote nne, lakini tatu zilikuwa zinapimika sawasawa na sikuona sababu. Kwenye jaribio la mwisho geji ilifika 0.09 bar mlimani, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, ikakaa hapohapo dakika 15. Asubuhi tatu mfululizo injini iliwaka kabla sijamaliza kusema "piga". Pampu ni ileile, na boliti zake hatukuzigusa.

Wakati wa kuondoka mzee aliniomba kitu kimoja: nimwachie vile vipande vya mpira unaoonyesha ndani, awe anafungua boneti na kuangalia mwenyewe kama kuna viputo. Nikakataa. Plastiki ile ikikaa na dizeli na joto la injini hukakamaa ndani ya miezi michache, ikapasuka pale kwenye klipu, na kinachopasuka upande wa kuvuta huwa hakidondoshi kitu. Akaangalia nikivitoa na kurudisha mpira mweusi wa mafuta, kisha akaomba apewe ile nailoni. Nilimwoshea, akaiweka kwenye mfuko wa shati.